Bata Mzinga Hataki Kuchunguliwa

Katika nyumba yetu hapa Columbus, Ohio, jiko la ndani ni langu na jiko la nje ni la Baba Watoto. Mpaka huo haukuandikwa popote lakini unaheshimiwa. La ndani hupika kila siku ya Mungu na halisifiwi na mtu. La nje hupika mwenyewe akijisikia, na likishapika hata vipapatio vitatu vya kuku, jamaa wa Louisville na Minneapolis lazima wapigiwe simu ya video wauone moshi.

Jiko lenyewe ni lile jeusi la duara, la miguu mitatu, lenye mfuniko. Baba Watoto anaijua nasaba yake kuliko nasaba ya ukoo wetu. Atakwambia kuwa mwaka 1952 George Stephen, mfanyakazi wa karakana ya vyuma ya Weber Brothers huko Chicago, alichukua boya la chuma, miongoni mwa yale yaliyokuwa yakitengenezwa pale kwa ajili ya Ziwa Michigan, akalikata katikati. Nusu ya chini ikawa karai la mkaa, ya juu ikawa mfuniko. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, aliisikiliza habari hiyo hadi mwisho, akalizunguka jiko mara moja, akauliza:

“Na mabaharia walipewa boya jingine?”

Sasa, Alhamisi ya nne ya Novemba Wamarekani wana Siku ya Shukrani, na siku hiyo meza isiyo na bata mzinga haihesabiki. Kifungua mimba wangu amefundishwa shuleni, naye hutusomea bila kuombwa: Lincoln aliitangaza kwa taifa zima mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea, mwaka 1939 Roosevelt akaiwahisha kwa wiki moja ili wenye maduka wapate siku zaidi za biashara ya Krismasi, majimbo yakagawanyika, haya yakila Alhamisi hii na yale Alhamisi nyingine, mpaka mwaka 1941 sheria ilipoifunga kwenye Alhamisi ya nne. Sisi Waswahili wa huku tuna mjadala wetu wa kama sikukuu hii inatuhusu. Mjadala huo hufanyika kila mwaka, na hufanyika watu wakishashiba.

Siku zote bata mzinga nimempika mimi, kwenye oveni, kwa thomu, tangawizi na samli, na pilau pembeni. Hakuna aliyewahi kulalamika. Lakini mwaka jana Baba Watoto alitumbukia kwenye video za wanaume wa Texas na Tennessee, wenye ndevu na aproni za ngozi, wanaozungumza habari za moshi kwa sauti ya chini. Siku moja akaweka kijiko chini katikati ya chakula, akatangaza: safari hii bata mzinga atapikwa nje, mzima, kwa mkaa na moshi wa kuni za mtufaha.

“Mzima?” Mama akauliza.

“Mzima, Mama.”

“Mpasue mgongoni umlaze, kama tunavyompasua samaki wa ng'onda. Moto utamwingia sawasawa.”

Baba Watoto akamweleza kwa adabu zote kwamba Marekani bata mzinga huja mezani amekaa, kidari juu, miguu imefungwa kwa uzi, watu wapige picha kwanza. Mama hakubisha. Aliendelea kumenya chungwa lake. Na haki alikuwa nayo, kwa sababu tatizo la ndege huyu ni umbo lake: kidari kiko juu, kinene na hakina mafuta, huwahi kuiva na kukauka, mapaja yamejificha chini, huchelewa, na katikati pana shimo lenye hewa baridi. Wapishi wengi wa Kimarekani siku hizi humkata uti wa mgongo kwa mkasi, wakamkandamiza kidari mpaka alale bapa, na muda wa kupika ukapungua sana. Lakini video za Baba Watoto hazikuwa za wapishi hao.

Kupata nyama halali mjini kwetu si kazi. Wasomali wamejaa, mabucha yapo, unaagiza mapema na unapata. Wa kwetu alikuwa na uzito wa paundi 16, yaani kilo saba na robo hivi, amegandishwa hadi ukimgonga anaitika. Kanuni ya kumyeyusha ndani ya friji ni siku nzima kwa kila paundi nne au tano. Piga hesabu: alihitaji kuingia kwenye friji tangu Jumapili. Baba Watoto alimleta Jumanne usiku, akamsukumia nyuma ya maziwa, akaenda kulala hana wasiwasi. Jumatano baada ya Isha akaingiza mkono tumboni atoe shingo na firigisi, ambavyo wenye bucha huvifunga kwenye karatasi na kuvificha humo. Mkono ukatoka mtupu na mwekundu. Vyote vilikuwa vimeshikana na mbavu, barafu tupu.

Kuna njia ya pili, ya maji baridi. Ndege anatiwa kwenye mfuko uliozibwa, anazamishwa, dakika 30 kwa kila paundi, na maji yanabadilishwa kila nusu saa ili yasipoteze ubaridi wala kugeuka uvuguvugu. Paundi 16 ni saa nane. Sinki la jikoni lilikuwa na mchele wangu na masufuria, nami nilishasema kuwa hakihami kitu. Basi akambeba kifuani akapanda naye ghorofani, akamlaza kwenye bafu la kuogea, akatega kengele ya simu.

Usiku ule nyumba haikulala. Kila nusu saa kengele, kila nusu saa maji yanafunguliwa, mabomba yanaguna ukutani. Mimi nilijifunika mto usoni. Alfajiri Mama akaamka kutawadha. Taa ya bafuni hakuiwasha kwa kuwa hakutaka kuamsha watoto. Akavuta pazia la bafu, akakuta kitu cheupe kimelala majini, magoti yamekunjwa.

“Njooni! Bafuni kuna mtu!”

Tulifika wote, kaka yangu akiwa wa mwisho, maana alikuwa ameingia usiku kutoka Louisville na hakuwa na habari kabisa. Baba Watoto alisimama mlangoni na kipimajoto mkononi, akaeleza. Mama alimtazama kijana wake kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” akasema, “nimevuka bahari nije nitawadhe na bata?”

Mpango ulikuwa ndege alale usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya chumvi, maganda ya machungwa na majani ya mdalasini. Huo ulishakufa. Asubuhi alikaushwa kwa karatasi, akapakwa chumvi, pilipili manga, thomu na limau, samli ikasukumwa chini ya ngozi, na saa nne kasoro moto ukawashwa.

Mkaa wa huku mwingi ni wa vitofali: unga wa mkaa uliogandamizwa, vyote saizi moja, vimepangwa kwenye mfuko wa karatasi. Baba Watoto, ambaye hawezi kukaa karibu na moto akanyamaza, akamsimulia Mama kuwa aliyeufanya ujulikane ni Henry Ford. Magari yake ya mwanzo yalikuwa na mbao nyingi, na miaka ya 1920 mabaki ya mbao yalikuwa yanarundikana kwenye kiwanda chake cha Michigan. Akaona ayageuze mkaa, na baadaye mkaa huo ukapewa jina la Kingsford, mume wa binamu yake aliyemsaidia kupata misitu ya mbao hizo.

“Kumbe tajiri wa magari naye aliuza mkaa,” Mama akasema. “Na kule kwetu muuza mkaa hapewi mke.”

Kaka yangu alikuja na chupa ya mafuta ya kuwashia. Nilimnyang'anya kabla hajaifungua. Mafuta hayo harufu yake ikishaingia kwenye nyama haitoki hata kwa dua. Mkaa uliwashwa kwa lile bomba la bati, gazeti chini, vitofali juu, moto ukapanda wenyewe. Mama aliliangalia bomba lile kwa heshima. Halihitaji kipepeo, halihitaji mtu kuinama. Kisha makaa yakamwagwa pande mbili za karai, katikati pakawekwa trei ya maji ya kukinga mafuta, wavu ukarudishwa na ndege akakalishwa juu ya trei, ili chini yake pasiwe na moto wa moja kwa moja. Mfuniko ukafunikwa.

Mama alielewa mara moja. Mkate wa kumimina ndivyo unavyopikwa kwetu, sufuria juu ya makaa machache na makaa mengine juu ya mfuniko, na ukikosea mgawanyo unapata mkate uliokauka chini na mbichi juu. “Hapa makaa ya juu hamna,” akasema, “kwa hiyo mfuniko ndio kila kitu. Msiufunue.”

Laiti tungemsikiliza tangu hapo.

Kwanza lakini kulikuwa na suala la moshi. Vipande vya mtufaha vilikuwa vimelowekwa majini tangu usiku, kwa kuwa ndivyo baadhi ya video zinavyoelekeza, na Baba Watoto aliumwaga mfuko mzima kwa pamoja. Kuni iliyolowa haitoi moshi mzuri. Lazima kwanza maji yachemke yaishe, wakati huo makaa yanapoa, na kinachotoka ni moshi mweupe mzito wenye uchungu ambao unakwama kooni na kuacha ladha ya lami kwenye ngozi ya nyama. Moshi unaofaa ni mwembamba, wa kibuluu, karibu hauonekani. Wetu ulionekana hadi barabara ya pili. Ulipita juu ya ua kwa jirani, ukageuka na upepo, ukaingia kwa dirisha la jikoni nililoliacha wazi kwa ajili ya mvuke wa pilau, na ving'ora vya moshi vya nyumba nzima vikalia kwa pamoja. Mdogo wetu akaanza kulia. Kaka yangu akapunga taulo chini ya king'ora kimoja huku vingine vinne vikiendelea. Mama alifunga dirisha, basi.

“Mwanangu,” alimwambia tena Baba Watoto kule nje, “umeshaniona nikichoma udi. Kwenye chetezo huwekwa kilo ngapi?”

Nusu ya kuni ikatolewa kwa koleo. Baba Watoto, kwa kuona moshi unapotea bure, akafanya jambo ambalo hatukuligundua hadi baadaye: akayabana matundu ya hewa, ya juu na ya chini, ili moshi ubaki ndani.

Asubuhi ile ilikuwa chini ya kiwango cha maji kuganda, na upepo. Bati la jiko ni jembamba. Kwa hali hiyo hata moto mzuri hupata shida, na Baba Watoto alikuwa amejiwekea lengo la digrii 225 za Farenhaiti, kama 107 za Selsiasi, ambalo ndilo joto la watu wa Texas kwa kifua cha ng'ombe. Ng'ombe ana mafuta na mishipa ya kuyeyushwa polepole. Bata mzinga hana cha kuyeyushwa. Joto dogo namna hiyo linamchelewesha tu na kuiacha ngozi yake ikitafunika kwa taabu. Anataka karibu digrii 325. Nilimwambia. Akanijibu kuwa jiko la nje si la kuharakishwa.

Nikaingia ndani kugeuza pilau.

Wageni walialikwa kwa saa nane, baada ya Adhuhuri, lakini wifi yangu na mumewe na watoto wao walifika mapema, na hapo ndipo msiba wa mfuniko ulipoanza. Mume wa wifi alifunua apige picha. Kaka yangu alifunua aongeze samli. Watoto walifunua kwa sababu watu wazima wamefunua. Jamaa zetu wa Bukavu, walioleta sombe na ugali wa kutosha harusi, walifunua kwa ustaarabu, wakaomba radhi, wakafunika. Baba Watoto mwenyewe alifunua kuona kama kufunua kwa wengine kumeliathiri joto.

Kila unapofunua, hewa yote ya moto inaondoka na ya Ohio inaingia. Tena si hasara hiyo peke yake. Mkaa uliokuwa ukila hewa ya kipimo unapata hewa ya bure, unafura, unajimaliza. Ukifunika unakuta nyama imepoa na mkaa umepungua, umelipa mara mbili kwa kuchungulia mara moja. Mama alikuwa amewekewa kiti cha plastiki mlangoni, kanga mbili ndani na koti la mwanawe juu, na kila mkono ulipokwenda kwenye kishikio alisema neno lilelile bila kupaza sauti: “Msifunue.” Wote walisema “ndiyo Bibi,” wakafunua.

Saa saba na nusu kipimajoto cha mfuniko kilisoma 180. Kile cha kuchoma kwenye kidari kilisoma 104. Bata mzinga, kama kuku, huhesabiwa ameiva nyama yake ikifika 165 ndani, sawa na 74 za Selsiasi. Baba Watoto akaongeza makaa mapya. Joto likashuka. Akaongeza mengine. Likashuka zaidi. Akaanza kulaumu chapa ya mkaa, upepo, hata wavu.

Mama akainuka. Alichuchumaa, jambo ambalo daktari wake amemkataza, akachungulia tumboni mwa jiko kwa chini.

“Majivu,” akasema. “Limejaa majivu, halipumui. Na haya matundu nani kayafunga?”

Hakuna aliyejibu. Chini ya jiko lile kuna mkono mdogo wa chuma unaozungusha panga tatu za kukung'utia majivu, panga hizohizo ndizo zinazofungua na kufunga matundu. Baba Watoto alikuwa akiutumia kusafishia tu, baada ya kupika. Mama aliusukuma huku na huku, majivu yakamwagika kwenye sahani ya chini, hewa ikaingia, na tukasikia mkaa ukianza kutatarika. Dakika chache sindano ikapanda hadi 240. Wakapiga makofi. Wenye jiko la mkaa uani hawahitaji maelezo ya jambo hili. Kila alfajiri mtu hukung'uta kabla ya kupanga. Lakini jiko likishang'arishwa, likapewa kipimajoto na hadithi ya boya, watu husahau kuwa ni jiko.

Makofi hayakudumu. Theluji ikaanza, ile nyepesi ya pembeni, na upepo ukageuka. Sindano ikarudi nyuma. Hapo mume wa wifi, mtu mwema sana, akatoa wazo: tulisukume jiko ndani ya gereji, tushushe mlango nusu, upepo usilifikie.

Tayari kaka yangu alikuwa ameshika mguu mmoja.

“Liacheni!”

Sijawahi kumsikia Mama akipaza sauti namna ile. Watoto waliganda. Akasema ndugu zake upande wa mama ni wa Lushoto, milimani, ambako Julai baridi huingia mifupani, na kila msimu husikika habari ya watu walioingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha, wakalala, asubuhi hawakuamka. Hakuna moshi ulioonekana, hakuna aliyekohoa. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mlango wa gereji ulioinuliwa nusu hauzuii hilo, na gereji yetu ina mlango wa kuingilia sebuleni. Huku Marekani kila msimu wa baridi zima moto huonya juu ya jambo hilohilo. Kaka yangu aliuachia ule mguu taratibu.

Ikawa zamu yangu. Mimi nafanya kazi kwenye jiko la shule, na cheti cha usafi wa chakula nimekisomea. Somo la kwanza ni kwamba kati ya digrii 40 na 140 vijidudu huzaana kwa kasi, na chakula hakipaswi kukaa katikati hapo zaidi ya saa nne. Ndege aliingia jikoni saa nne asubuhi. Ilikuwa inakaribia saa nane, na kidari kilikuwa 118.

“Anaingia ndani,” nikasema.

“Bado kidogo,” Baba Watoto akasema.

“Anaingia ndani, Baba Watoto.”

Oveni lakini ilikuwa na wenyewe. Rafu ya chini ilikaliwa na makaroni ya kuoka ya wifi yangu, na mtu asiyeyajua makaroni yale asifikiri unaweza tu kuyatoa. Wifi alisimama mbele ya mlango wa oveni mikono kiunoni. Ya juu ilibaki wazi, ila nafasi kati ya rafu na dari ya oveni ilikuwa kiganja na nusu. Bata mzinga aliyekaa, kidari juu, hapiti.

Kimya kikatanda jikoni, wote tukaangalia trei. Mama akanawa mikono, akaikausha kwa upindo wa kanga.

“Nipe mkasi wa kuku.”

Baba Watoto alitoka nje. Alisema anakwenda kuangalia makaa. Mama akamgeuza ndege kifudifudi kwa taulo mbili, akakata upande wa kulia wa uti wa mgongo, akakata wa kushoto, akauvuta uti wote ukatoka, akamgeuza tena na kumkandamiza kwa viganja viwili. Mfupa wa kidari ukalia. Sasa alikuwa bapa, mapaja yametokeza nje, amelala juu ya trei nzima kama ng'onda. Aliteleza kwenye rafu ya juu na nafasi ikabaki. Nikaipandisha oveni hadi 400, makaroni yakafunikwa kwa karatasi ya bati, wifi akaridhia.

Watu walianza na pilau na sombe. Ukweli ni kwamba kama bata mzinga asingetoka kabisa, hakuna ambaye angelala na njaa.

Alasiri ilipopita, kipimajoto kilisoma 165 kwenye kidari na 178 kwenye paja. Ngozi, ambayo nje ilikuwa na rangi ya chai nyepesi na ulaini wa puto, ilikuwa imekauka na kuvunjika. Tulimpumzisha robo saa, na ndipo jirani yetu akabisha hodi. Ni mzee Mmarekani, mstaafu, na kila mwaka hutuletea pai ya boga. Nilijua amekuja pia kujua kama nyumba bado imesimama. Akaiona trei, akatoa miwani mfukoni. Akamshika Baba Watoto mkono, akamsifu: kumbe anajua mbinu ya kumlaza bapa, kwamba mwanawe wa kiume alijaribu miaka mitatu mfululizo kumbanika mzima kwa moshi na akashindwa, mpaka alipojifunza hii, na kwamba wengi hawana ujasiri wa kukata.

Baba Watoto alimeza mate. Alituangalia. Kisha akasema, kwa Kiingereza kizuri, kwamba siri ni kuchagua mkasi.

Mtoto wa kwanza akamtafsiria Bibi neno kwa neno. Mama alitikisa kichwa, akasema mwambieni asante, na amwambie mwanawe aje Tanga tumfundishe na pweza.

Kukata kulikuwa na fitina yake. Nyama chini ya ngozi ilikuwa na ukanda wa waridi, na karibu na mfupa wa paja waridi zaidi. “Mbichi hii,” akasema mume wa wifi, na sahani zote zikarudi katikati ya meza. Nilieleza kuwa ndiyo alama ya moshi: kuni na mkaa vikiwaka hutoa gesi zenye naitrojeni, zikikutana na ile rangi nyekundu ya misuli zinaishika isigeuke kahawia hata nyama ikiiva barabara. Nilikionyesha kipimajoto. Walikubali kichwani, mkononi hawakukubali. Mwishowe aliyeanza kula ni jamaa wa Bukavu, ambaye amekulia kando ya Ziwa Kivu na anasema kitu kilichopita kwenye moshi hakimtishi. Akala kipande. Akanyamaza. Akavuta trei upande wake. Baada ya hapo rangi haikujadiliwa tena, na Mama mwenyewe, aliyeapa kuwa atakula pilau tu, nilimwona akirudi mara mbili kwenye bawa.

Nitasema haki: moshi ulikuwepo, mtamu, wa nyuma nyuma, haukuwa uchungu nilioutarajia. Iwapo ni sifa ya mtufaha au ni kwa kuwa nusu ya kuni ilitolewa, tusigombane.

Mifupa niliichemsha Ijumaa pamoja na ule uti wa mgongo, nikatia tui zito, bizari na ndimu. Baba Watoto alikula mchuzi huo bila kutoa hotuba. Minofu iliyobaki ikawa sambusa. Jiko la nje nilidhani litalala hadi majira ya kuchipua.

Jumamosi asubuhi nikasikia majivu yakikung'utwa. Mama alikuwa ameshajifundisha bomba la kuwashia, ameyapanga makaa pembezoni, matundu ameyafungua nusu ya chini na nusu ya juu, na katikati ya wavu ameweka sufuria ya mkate wa kumimina, mchele uliolowekwa usiku, tui, iliki na hamira. Alikuwa ameniuliza tangu jana ndege inaruhusu kilo ngapi, nikamwambia mabegi mawili ya kilo 23, akaenda kuupima mfuniko kwa mizani ya bafuni. Alisema karai atatengenezewa na fundi wa Ngamiani, mfuniko ndio mgumu kupata.

Baba Watoto akatoka na kikombe chake cha chai. Akalizunguka jiko lake. Harufu ya iliki ikamfika, akasogea, akanyoosha mkono kwenye kishikio.

Mama alikuwa akihesabu tasbihi yake, wala hakugeuka.

“Thubutu.”